Hasarmawethi wa Mwanzo 10: babu wa Washihiri, au nchi iliyovikwa kanzu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika kutoka Tanga. Kwenye darasa letu la Biblia tulifika Mwanzo 10, kwenye wana wa Yoktani, na wa tatu wao anaitwa Hasarmawethi. Aliyetuongoza alisema jina hilo maana yake ni "ua wa mauti", kwamba huyo ndiye babu wa Washihiri, na kwamba ukoo wenye jina la mauti hauwezi kuwa na baraka. Mimi nimekulia nyumba ya pili kutoka kwa mzee wa Kishihiri aliyekuwa akiuza kahawa, na wajukuu zake ni kama ndugu zangu. Je, ni kweli? Na mzazi gani atampa mwanawe jina kama hilo?

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la baraka, maana naona ndilo lililokukera, na jibu lake ni fupi. Katika Mwanzo 10 hakuna laana hata moja. Laana iliyo karibu iko sura ya 9, nayo inamtaja Kanaani peke yake, na Yoktani si wa uzao huo. Yoktani ni mwana wa Eberi. Ndugu yake ni Pelegi, na ukimfuata Pelegi hadi sura ya 11 unafika kwa Ibrahimu. Mwandishi wa Mwanzo, kwa kumweka Hasarmawethi pale alipomweka, amemfanya jamaa wa karibu wa mababu wa Israeli. Anayetaka kuwasema vibaya Washihiri kwa mstari ule ameshika mstari usiomfaa.

Tukishaliweka hilo kando, jina lenyewe lina mengi matamu.

Hasarmawethi anatajwa mara mbili tu katika Biblia nzima: Mwanzo 10:26, na tena 1 Nyakati 1:20, ambako orodha ile ile imerudiwa. Hana mke, hana umri, hakusema neno, hakuzikwa popote. Methusela naye habari zake ni chache, lakini angalau miaka yake tumehesabiwa. Huyu kabaki jina tupu. Ajabu ni kwamba jina lenyewe limeishi kuliko ya wengi waliopewa sura nzima, kwa sababu bado liko kwenye ramani: Hadhramaut, bonde kubwa na pwani yake kusini mwa Uarabuni, mashariki ya Yemen, kwenye miji ya Shibam, Say'un na Tarim ndani bondeni, na Mukalla na Shihr baharini. Hapo Shihr ndipo tulipolipata neno letu "Mshihiri". Waswahili walimwita mgeni kwa jina la bandari aliyopandia jahazi, hata kama kijiji chake kilikuwa mwendo wa siku nyingi kutoka baharini.

Utasema, Hasarmawethi na Hadhramaut yanafanana kwa mbali tu. Hapana, yanafanana kwa kanuni. Kuna sauti moja ya kale katika lugha za Kisemiti ambayo Waarabu waliibakiza kama dhad, na Waebrania wakaigeuza kuwa sauti iliyo karibu na "ts". Mfano wake unao mdomoni kila siku. Sisi tunasema ardhi, tukiwa tumeichukua kwa Waarabu. Mwebrania anasema erets. Dhi ya huku ni tsi ya kule. Sasa chukua Hadhramaut, badilisha dhad kwa kanuni hiyo hiyo, utapata Hatsarmawet. Mtafsiri wa Biblia ya Kiswahili akaiandika kwa S, akaongeza irabu mwishoni ili tuweze kuitamka, ikawa Hasarmawethi. Hakuna mtaalamu wa lugha hizo anayelibishania hili, na ni nadra sana kupata neno hilo "hakuna" katika kazi yetu.

Na mauti je? Mwalimu wako hakulizusha. Kwa Kiebrania, hatser ni ua, au kijiji kisichokuwa na ukuta, na mawet ni mauti. Ukiyaunganisha, ndiyo, sikio la Mwebrania lingesikia "ua wa mauti". Lakini angalia sikio hilo limezoea nini. Nchi ya Israeli ilikuwa imejaa vijiji vinavyoanza na neno hilo: Hasar-shuali, yaani ua wa mbweha, upo katika Yoshua 15, Hasar-susa, wa farasi, upo Yoshua 19, Hasar-enani, wa chemchemi, upo Hesabu 34. Mwandishi aliyekulia kati ya majina kama hayo akaletewa na wafanyabiashara jina la nchi ya mbali linaloanza kwa Hatsar. Lazima alisikie kama kijiji. Ni kama vile sisi tunavyosikia Bagamoyo tukasema ni "bwaga moyo", na tukishasema hivyo hadithi inajijenga yenyewe.

Waarabu nao walifanya hivyo hivyo, kwa masikio yao. Kwao hadhara ni kuwapo, kufika, na mawt ni kifo. Kwa hiyo wakasimulia kwamba palikuwa na shujaa, mwana wa Qahtan, ambaye kila alipotokea vitani watu walikufa kwa wingi, hata wakawa wakimwona tu wanasema: hadhara mawt, mauti yamehudhuria. Ona jinsi Kiswahili kinavyoweza kuisema sentensi hiyo karibu bila kubadilisha kitu. Kuhudhuria, hadhara, mhadhara, mhadhiri, yote yametoka kwenye mzizi huo. (Tahadhari si ndugu yao, ingawa inafanana nao. Ile ina mzizi mwingine kabisa. Ulimi wetu ndio uliozichanganya sauti mbili za Kiarabu zikawa dh moja.)

Kwa hiyo tuna hadithi mbili za mauti, ya Kiebrania na ya Kiarabu, na haziafikiani hata kidogo: moja inazungumza ua, nyingine inazungumza kuwasili. Hiyo kwangu ni dalili nzuri kwamba wote wawili walikuwa wakikisia jina la watu wengine. Wenyewe Wahadhramaut wa kale walikuwa na lugha yao na maandishi yao yaliyochongwa kwenye mawe, na humo jina linaandikwa kwa konsonanti tu, ḥ-ḍ-r-m-w-t, na mara nyingine hata ile w haipo. Ikikosekana w, "mawt" yenyewe inaanza kuyumba. Maana ya asili imetuponyoka. Mauti ni maelezo ya majirani.

Ingawa, na hapa nitajipinga kidogo, majirani hawakukosa sababu ya kuiamini tafsiri hiyo. Utajiri wa Hadhramaut ulikuwa ubani. Mti wake unapenda milima mikavu ya kule na ya Dhofar, ambayo leo iko Oman. Unakwaruzwa gome, unatoa utomvu, utomvu unakauka, unakusanywa. Kuna kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 B.K., kinachojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea. Kinasema ubani huo ulikusanywa na watumwa wa mfalme pamoja na watu waliopelekwa huko kwa adhabu, kwamba nchi ilikuwa ya maradhi hata kwa wanaopita na chombo pwani, na kwamba wanaofanya kazi kule karibu wote hufa. Huenda wafanyabiashara walitia chumvi ili wengine wasithubutu kwenda. Lakini ubani na mauti vimekaa pamoja hata katika lugha yetu: tunaufukiza, na mkono wa pole tunaoupeleka msibani nao tunauita ubani.

Sasa swali lako la pili: mzazi gani atampa mwanawe jina hilo? Hakuna mzazi. Mwanzo 10 ni ramani iliyoandikwa kwa lugha ya uzazi. Soma sura yote kwa utulivu utaona mwandishi mwenyewe hafichi. Sidoni, mzaliwa wa kwanza wa Kanaani, ni mji wa bandari. Anayefuata ni Hethi, kisha ghafla Myebusi na Mwamori, ambayo hata kwa Kiswahili ni majina ya makabila, si ya watoto. Misri naye anazaa watu kwa wingi wao: Waludi, Waanami, Walehabi. Mtafsiri wetu alilazimika kuweka wa- mbele kwa sababu Kiebrania chenyewe kina alama ya wingi pale. Mtu mmoja hazai wingi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa Sheba. Katika Mwanzo 10:7 Sheba ni mwana wa Raama, mjukuu wa Kushi, upande wa Hamu. Mistari ishirini na moja mbele, 10:28, Sheba ni mwana wa Yoktani, upande wa Shemu, ndugu wa Hasarmawethi. Halafu 25:3 Sheba anatokea tena, safari hii mjukuu wa Ibrahimu kwa Ketura. Watu wametoa jasho jingi kueleza kwamba hao ni Sheba watatu tofauti. Lakini ukielewa kwamba nasaba inaeleza nani anakaa na nani na nani anafanya biashara na nani, tatizo linayeyuka. Wasaba, yaani watu wa Sheba, walikuwa na miguu pande zote mbili za Bahari ya Shamu. Maandishi na mahekalu ya namna yao yapo hata Yeha, Ethiopia. Ukiwatazama kutoka upande wa Kushi, ni Wakushi. Ukiwatazama kutoka jangwani mwa misafara ya ngamia, ni watu wa Ketura. Ukiwatazama nyumbani kwao, ni wana wa Yoktani. Havila naye ana baba wawili katika sura hiyo hiyo moja. Chukua mfano wa kwetu pwani: Mombasa wana Thelatha Taifa, mataifa matatu, yaani Kilindini, Changamwe na Tangana. Angekuja mwandishi wa namna ya Mwanzo angeandika kwamba Mvita alizaa wana watatu, wa kwanza Kilindini, na wala asingekuwa anadanganya.

Yoktani ana wana kumi na watatu. Baadhi hatuna la kusema juu yao. Shelefu wengi humhusisha na kabila la Yemen lenye jina linalofanana. Yera ni neno la Kiebrania la mwezi, na mapokeo ya Wayahudi wa Yemen yanauona mji wa San'a katika jina la Uzali. Ofiri ni ile ya dhahabu ya Sulemani. Lakini wawili wamesimama imara pasipo shaka, Sheba na Hasarmawethi, na ukiwaweka hao wawili kwenye ramani, familia yote inakwenda kusini mwa Uarabuni.

Ufalme wa Hadhramaut tunaujua kwa ushahidi wa mawe. Mfalme Karib'il Watar wa nchi ya Saba (ndiyo Sheba), karne ya 7 K.K., aliacha maandishi marefu hekaluni Sirwah akieleza vita vyake, na humo Hadhramaut imo kama mshirika, ikiwa na mfalme wake. Kwa hiyo jina hili lilikuwa likisafiri na misafara ya ubani kuelekea kaskazini katika zama zile zile ambazo wataalamu wengi wanadhani orodha za Mwanzo zilikuwa zikikusanywa. Yeremia, nabii wa kipindi hicho, anauliza kwa uchungu (6:20) ubani unaotoka Sheba una faida gani. Yerusalemu iliijua harufu ya nchi ile kabla ya kuijua nchi yenyewe.

Mji mkuu ulikuwa Shabwa, pembeni mwa jangwa. Pliny, Mrumi aliyefariki mwaka 79 B.K., anaeleza kwamba ubani wote ulipitishwa huko kwa ngamia kupitia lango moja tu, kwamba kuiacha njia kuu ukiwa na mzigo huo ilikuwa kosa la kifo, na kwamba makuhani walitoa fungu la kumi kwa ajili ya mungu wao kabla biashara haijaanza. Umeona, mauti tena. Forodha za siku hizo hazikuwa na mzaha. Baharini walikuwa na bandari ya Qana, na mbali mashariki, Dhofar, wakajenga mji wa Sumhuram ili waulinde ubani wa huko. Mungu wao mkuu aliitwa Sayin. Mwaka 1937 mwanaakiolojia Mwingereza Gertrude Caton Thompson alianza kuchimba hekalu lake kwenye kijiji cha Hureidha, kazi iliyoendelea hadi 1938. Kitabu chake juu ya uchimbaji huo kililiita hekalu la mwezi.

Na kile kitabu cha mabaharia nilichokitaja kina jambo litakalokugusa wewe wa Tanga. Kabla ya kufika Qana kinashuka kwanza pwani yetu, inayoitwa Azania, mpaka soko la mwisho, Rhapta, lililoitwa hivyo kwa mashua zake zilizoshonwa, yaani mababu wa mitepe. Kinasema manahodha Waarabu waliokuja huku waliijua lugha ya wenyeji na waliwaoa mabinti wa hapa. Hao walitoka Muza, magharibi mwa Yemen, si Hadhramaut. Hata hivyo ni bahari moja, upepo mmoja wa kaskazi, na kitabu kimoja. Jirani yako hakuanza jana.

Ufalme ulikwisha karibu na mwaka 300 B.K., wafalme wa Himyar, dola jirani ya Yemen, walipoumeza na kuliongeza jina Hadhramaut kwenye orodha ndefu ya vyeo vyao. Lugha yake nayo ikamezwa na Kiarabu.

Tunarudi kwa mzee wa kahawa. Je, Hasarmawethi ni babu yake? Hapa ndipo mambo yanapogeuka kwa namna ambayo nadhani darasa lenu halikuitarajia. Wanasaba Waarabu wa zama za Uislamu waliwagawa Waarabu mafungu mawili: wa kusini, wana wa Qahtan, na wa kaskazini, wana wa Adnan, ambao nasaba yao inakwenda kwa Nabii Ismaili. Qahtan wakamwoanisha na Yoktani wa Mwanzo, na Hadhramaut akaingizwa kwenye uzao wake, ingawa wengine walimweka chini ya Himyar. Kilugha Qahtan na Yoktani hayalingani vizuri kama Hadhramaut na Hasarmawethi; herufi hazikubali. Qahtan lilikuwa jina la watu walioishi kweli, linaonekana kwenye maandishi ya kale pamoja na kabila la Kinda. Kuunganishwa kwake na Yoktani ni kazi ya wasomi waliokaa wakiwa na Taurati upande mmoja na mashairi ya makabila upande wa pili. Baadhi yao walikwenda mbele zaidi, wakasema Nabii Hud, ambaye kaburi lake linazuriwa kila mwaka mwezi wa Shaabani mashariki ya Tarim, ndiye Eberi mwenyewe.

Kwa hesabu hiyo, Mshihiri anayetoka kabila la Kihadhrami la asili, tuseme la Kinda, anaweza kujiita mwana wa Qahtan na ukapata njia ya kumfikisha kwa Yoktani. Lakini kama ni sharifu, mambo ni mengine kabisa. Masharifu wa Hadhramaut, Ba'Alawi, wanahesabu kutoka kwa Ahmad bin Isa al-Muhajir, aliyehama Basra katika karne ya 10 akahamia bondeni. Nasaba yao inakwenda kwa Mtume, kwa hiyo kwa Adnan, kwa hiyo kwa Ismaili mwana wa Ibrahimu. Habib Saleh, aliyeijenga Riyadha ya Lamu, alikuwa wa nyumba hiyo, ya Jamal al-Layl. Kwa mujibu wa nasaba zao wenyewe, watu mashuhuri zaidi waliotuletea jina la Hadhramaut pwani hii si wana wa Hasarmawethi hata kidogo. Wameishi tu nyumbani kwake miaka elfu moja na zaidi. Na nchi imewapa jina lake bila kuwauliza baba yao ni nani.

Ukitaka kujua jirani zako wako safu ipi, usianze na Biblia, anza na jina la nyumba. Likianza na Ba-, kama Bawazir au Bakathir, hiyo ni alama ya Kihadhrami, ingawa peke yake haikwambii ni masharifu, mashekhe au kabila. Waulize wajukuu babu yao alitaja kijiji gani. Watu wa pale huwa hawasahau kijiji hata vizazi vinne. Na wakikwambia Hureidha, waambie kwamba pembeni mwa kijiji chao pana hekalu la zaidi ya miaka elfu mbili, lililojengwa na watu walioandika jina la nchi yao juu ya mawe bila kujua kwamba huko Yerusalemu kuna mtu alikuwa akiliandika kama jina la mtoto wa tatu wa Yoktani.